Aliyetoa Ng'ombe na Aliyebeba Mimba

Wegesa mwanangu,

Nasikia zipu ya begi lako ikigoma katika chumba cha pili, na kwa kuwa najua utaishinda, siji kukusaidia. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Njombe kuanza kazi yako ya mifugo. Nami nimekaa mezani na kalamu, kwa sababu ninayotaka kukuambia nimeshindwa kuyasema kwa kinywa. Mara ya mwisho nilipojaribu, uliinuka ukaacha ugali wako haujaguswa. Barua haiachwi kirahisi hivyo. Unaweza kuikunja, lakini utakuwa nayo njiani.

Sitakuandikia habari za baridi ya Njombe, wala za blanketi, wala za kuishi vizuri na mwenye nyumba. Umelala mabwenini tangu utotoni. Hayo unayajua kuliko mimi. Wala sitakuhubiria. Nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote, na waliopita mikononi mwangu watakuambia kwamba nimekwisha kuhubiri ya kutosha. Wewe mwenyewe hujasahau barua yako ya kwanza kutoka shule ya bweni, ile uliyoniandikia kwamba unalia usiku. Niliisahihisha kwa wino mwekundu nikakurudishia. Nilidhani nakupa kitu cha thamani. Mtoto alikuwa analia, na mama yake alimpelekea makosa ya upatanisho wa kisarufi. Baada ya hapo ulikuwa ukiniandikia barua fupi, safi, zisizo na kosa hata moja, wala habari hata moja. Nilikaa na barua zile muda mrefu kabla ya kuelewa nilichokipoteza.

Jambo lenyewe ni lile tuliloligombania wakati wa Pasaka. Nataka ukifika huko ukachunguzwe matiti, na daktari atakapokuuliza habari za ukoo wa mama yako, umtajie Nyangeta, si Bibi yako Wakuru. Ulikataa. Ulisema hutaki kupimwa kwa jina la mtu usiyemjua. Ulisema Bibi ndiye aliyekufundisha kukamua, na huyo mwingine hana hata picha ukutani, na kwamba kumtaja kwa daktari ni kumfuta Bibi. Nilikujibu kwa ukali kwamba ukweli hauombi ruhusa. Lilikuwa jibu zuri la darasani. Wewe ulikuwa unamlilia bibi yako, nami nilikuwa natafuta kushinda hoja.

Ngoja nianze upya, na niandike kama ninayemwandikia mtu asiyejua lolote, maana huenda siku moja binti yako akaisoma barua hii.

Bibi yako Wakuru aliolewa Butiama akiwa msichana, akafiwa na mumewe, na hakujaliwa mtoto. Katika desturi yetu mwanamke wa namna hiyo hakuwa amefika mwisho wa njia. Akiwa na ng'ombe, aliweza kutoa mahari na kuoa mwanamke kijana, si kwa mambo ya chumbani, bali ili nyumba yake ipate watoto. Ndiyo tunayoiita nyumba ntobu. Mwanamume anayempa yule kijana mimba hana dai lolote. Watoto ni wa mwenye ng'ombe. Wakuru alitoa ng'ombe wake, akamwoa Nyangeta, msichana wa Kijita kutoka upande wa Bunda, na Nyangeta akanizaa mimi. Kabla sijapata akili ya kukumbuka, Nyangeta aliugua, akarudi kwao, akafa. Nikabaki na Wakuru, na kwangu neno mama halikuwa na mtu mwingine wa kumwita.

Sikufichwa. Nilijua kwamba mimi ni wa nyumba ntobu, kama mtu anavyojua kwamba alizaliwa msimu wa mvua. Nilijua jina la Nyangeta. Sikujua sura yake, wala kaburi lake, wala ndugu zake, na sikuona kwamba napungukiwa. Mtoto wa ng'ombe hana nyumba mbili.

Kwa hiyo nilipougua, na daktari huko Mwanza akaniuliza kama katika ukoo wa mama yangu kuna mwanamke aliyepata saratani, nilimjibu kwa sentensi kamili. Nilimwambia kwamba mama yangu yu hai, anakaribia miaka tisini na anapalilia mihogo yake mwenyewe. Kwamba dada zake wote walikufa wakiwa vikongwe. Kwamba katika ukoo ule wanawake hawaugui, huchoka tu. Daktari aliandika. Alikuwa kijana mpole kutoka Tanga, mwenye mwandiko mbaya. Sikumdanganya, Wegesa. Ungeniapisha mbele ya kanisa zima, ningeapa.

Unakumbuka miezi iliyofuata. Waliliondoa titi langu la kushoto, wakanipa dawa zile zilizonifanya nichukie harufu ya samaki katika nyumba ya mtu auzaye dagaa sokoni Mwigobero. Baba yako alikuwa anavua shati lake nje kabla ya kuingia. Wewe ulininyoa nywele zilipoanza kudondoka, ukaninyoa vibaya, ukasema sasa nafanana na mwanafunzi aliyetoroka shule. Nilicheka mpaka mshono ukauma. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ninaruhusiwa kucheka.

Basi siku moja Bibi yako alikuja wodini. Alikuwa amebeba uji wa ulezi katika chupa ya chai kutoka Butiama, na alikataa mtu mwingine aninyweshe. Alipotoka kwenda kuiosha chupa, daktari akamsifu, akasema hajapata kuona mzee mwenye nguvu namna ile. Nami kwa kujivuna nikasema, "Yule hakujaliwa kuzaa, daktari. Mungu alimwachia nguvu zake zote."

Kalamu ya daktari ikasimama.

"Samahani, Mwalimu. Yule si mama yako?"

"Ni mama yangu."

"Na hakuzaa?"

"Hakuzaa."

"Sasa wewe ni…"

"Mimi ni mtoto wake wa kwanza na wa mwisho," nikasema, na nilikuwa nimeanza kukasirika, maana kila nililojibu lilikuwa sahihi.

Muuguzi aliyekuwa anatandika kitanda cha pili, mama mmoja kutoka Tarime, aliangua kicheko hadi akakaa juu ya shuka alilokuwa ametoka kulinyoosha. "Daktari, utahangaika hapo mpaka jioni. Huyu ni wa nyumba ntobu. Sisi kwetu unaulizaga mara mbili: nani alitoa ng'ombe, na nani alibeba mimba."

Alimweleza yote. Daktari alisikiliza, akanigeukia, akasema taratibu kama anayeomba kitu cha heshima, "Basi, Mwalimu, mimi naomba habari za aliyebeba mimba."

Sikuwa na habari. Mwanamke mwenye vyeti ukutani, niliyewafundisha watoto wa watu kutaja kiima na kiarifu, sikuweza kusema aliyenizaa alikufa kwa ugonjwa gani.

Nilichokijua siku ile sikuwahi kukifundisha: jibu linaweza kuwa kweli tupu na bado likampeleka anayekuuliza mahali pasipo. Mimi nilimjibu kwa ng'ombe. Yeye alikuwa anauliza kwa mwili.

Nilipopata nguvu nilikwenda Bunda bila kumwambia Bibi yako. Nilipita nikiuliza, kutoka stendi hadi nyuma ya kiwanda cha kuchambulia pamba, mpaka nikaonyeshwa nyumba ya mdogo wake Nyangeta, anayeitwa Veronika. Alikuwa anaanika mihogo. Alinitazama miguu kwanza nilivyokuwa nakuja, kisha uso, akaacha alichokuwa anafanya.

"Mwana wa Nyangeta," akasema. "Umechelewa chakula."

Sijapata kuitwa hivyo na mtu yeyote. Niligeuka kidogo kutazama kama kuna mtu nyuma yangu.

Aliniambia kwamba natembea kama dada yake, nikitupa mguu wa kulia nje. Aliniambia kwamba Nyangeta alikuwa anaimba kanisani kwa sauti iliyokwenda njia yake mwenyewe, na kwamba kila mtu alijua na yeye peke yake hakujua. Hapo nilikukumbuka wewe na kwaya yako, nikafumba mdomo. Halafu nikamuuliza nililoliendea. Hakuzunguka.

"Mama yetu alikwenda na titi. Dada yetu mkubwa, titi. Nyangeta, titi. Wanawake wetu walikuwaga wanafunga khanga kwa nguvu, wanasema ni jipu. Mimi nilipoliona langu nikasema, hapana, sifungi khanga. Nikaenda Mwanza wakalikata." Alijipiga kifuani polepole kwa kiganja. "Hapa ni kitambaa tu."

Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia. Hakuonekana kuona aibu, wala sasa sioni kwamba alipaswa kuiona.

"Tungekuambia kama nani?" akasema. "Wewe ulikuwa wa ng'ombe. Tungekuja pale kwa Wakuru, tungeonekana tunamdai mtoto. Tulikuwa tunasikia umekuwa mwalimu, tunafurahi huku huku."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na mtu mbaya. Kila mmoja alikuwa na adabu zake, na ugonjwa ukapita katikati ya adabu hizo kama maji yanavyopita katikati ya vidole.

Nilirudi kwa daktari na habari ya wanawake watano wa mstari mmoja: nyanya yangu, mama yangu mkubwa, mama yangu, mama yangu mdogo, na mimi. Kwanza walinipima zile jeni zinazojulikana sana kuleta saratani ya titi katika familia, ambazo mtu anaweza kuzirithi kwa baba au kwa mama. Hawakuona kitu. Ndipo daktari akaniambia juu ya jambo jingine, jipya zaidi, akiniomba nisilibebe kama hukumu.

Wewe ni mtu wa sayansi. Nivumilie ninavyolieleza kwa lugha ya mwalimu wa lugha. Alisema kwamba ndani ya seli zetu kuna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria, na kwamba huko ndiko chakula kinakogeuzwa kuwa nguvu, kama jikoni kwenye moto usiozimwa. Vijumba hivyo vina vinasaba vyake vyenyewe, vichache sana, mbali na vile vingi ambavyo nusu tunapewa na baba na nusu na mama. Hivi vichache havichangwi. Mama peke yake ndiye huvitoa. Huwapa watoto wote, wa kike na wa kiume, lakini mtoto wa kiume akipewa hampi mwanawe. Vinakwenda kutoka kwa mama hadi kwa binti, na kwa binti wa binti, bila kupita mlango wa mwanamume. Mara nyingine sehemu ndogo katika vinasaba hivyo huwa tofauti na ilivyo kwa watu wengi. Tofauti nyingi hazina madhara. Lakini zipo ambazo wataalamu wanadhani huenda zikaufanya moto ule uwake vibaya na kutoa moshi mwingi, na moshi ule, pamoja na mambo mengine, ukachangia kuiharibu seli mpaka saratani ikapata nafasi.

Nikamuuliza, "Huenda, au ndivyo?"

Akasema, "Huenda, Mwalimu. Ukisema ndivyo, utakuwa umenisingizia."

Nilimpenda kwa jibu hilo. Alichukua damu yangu na damu ya mama mdogo Veronika, kwa ridhaa yetu, zikapelekwa mbali kuchunguzwa. Majibu yalipokuja, sote wawili tulikuwa na tofauti ile ile katika vinasaba vile vya mitokondria. Alituonya tena. Alisema kwamba kufanana kwetu kunaonyesha tu kwamba tumetoka katika mstari mmoja wa kina mama; hakuthibitishi kwamba hicho ndicho kilichotuuguza, na bado utafiti haujamaliza kazi yake. Lakini alisema pia kwamba wanawake watano wa mstari mmoja wanatosha, hata kama tofauti ile haina hatia, kuwafanya mabinti wa mstari huo wachunguzwe mapema kuliko wengine, wasingoje kuona uvimbe. Hapo alinitazama. Alikuwa anajua kwamba nina binti.

Nilipomweleza baba yako kwamba kitu hiki hupitia kwa kina mama tu, alisema, "Kwa hiyo kwa hili mimi si mshitakiwa. Ni mara ya kwanza katika nyumba hii." Kisha akatoka nje, akakaa juu ya magunia yake ya dagaa, na nilipomfuata nilimkuta anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Nami naomba nikuambie kinachoniuma. Nilikupa jina, nikakupa nidhamu, nikakupa Kiswahili ambacho wenzako walikucheka kwacho. Hayo niliyachagua. Hiki sikukichagua, na ndicho nilichokupa pasipo kukosea hata kidogo. Siku ile ya majibu nilikaa ndani ya basi kutoka Mwanza nikihesabu niliyokutendea, na nikaona kwamba la hatari kuliko yote nilikutendea kabla hujazaliwa, nikiwa nimefurahi.

Ilinichukua muda kuona upande wa pili. Moto ule ule, wenye tofauti yake, ndio uliomwezesha Nyangeta kuimba vibaya mbele ya watu. Ndio uliomwezesha Veronika kusema sifungi khanga. Ndio uliokuinua wewe kushika pembe za fahali ambaye vijana wa Butiama walikuwa wanamkimbia. Hukurithi ugonjwa, mwanangu. Ulirithi uhai, na uhai huo una mahali panapotaka kuangaliwa.

Baada ya ugomvi wetu wa Pasaka nilikaa na maneno yako wiki nyingi. Nilijua kwamba hutanisikia mimi. Na nilijua kwamba kuna mtu mmoja tu ambaye angeweza kukufungulia mlango huo, na ndiye niliyekuwa namwogopa. Ungekuwa mimi, ungejisikiaje kumwendea mama yako, aliyekulea peke yake, aliyeuza mtama ili uvae viatu vya shule, ukamwambia kwamba unamtafuta mama?

Nilikwenda Butiama Jumapili iliyopita. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda chake anaangalia ng'ombe wakirudi. Nilizungumza juu ya mvua, juu ya paa, juu ya mchungaji mpya ambaye Bibi yako anadhani anahubiri muda mrefu mno. Mwisho nikamuuliza ndama yule mweusi ni wa nani.

"Wa Kisero," akasema. "Kisero ni wa Nyamweru. Nyamweru ni wa yule mwekundu niliyepewa na shangazi yangu."

"Na dume lake?"

"Dume la jirani. Nani anahesabu dume?"

Nikamwambia, "Mama, kuna ugonjwa ambao daktari anawahesabu watu namna hiyo."

Aliwaangalia ng'ombe wake mpaka wa mwisho akaingia zizini. Kisha akasema, bila kunitazama, "Anamtafuta Nyangeta."

Nikasema ndiyo. Nilitaka kuongeza maneno, kumwambia kwamba yeye ndiye mama yangu, kwamba hakuna kinachobadilika. Aliinua mkono, nami nikanyamaza kama nilivyonyamaza mbele yake nikiwa na miaka saba.

Alinieleza mambo ambayo hajapata kuyasema. Nyangeta alipougua, yeye ndiye aliyekuwa anamwosha kidonda. Alimpeleka zahanati, akampeleka na kwa mganga, akauza ndama. Ndugu zake Nyangeta walipokuja kumchukua afie kwao, Wakuru aliwafuata nyuma kwa miguu, mimi nikiwa mgongoni, mpaka mtoni. Pale wakamwambia arudi, kwa sababu mtoto ni wa ng'ombe na hapaswi kuvuka.

"Nilirudi na wewe," akasema. "Yeye aliniambia neno moja tu: mlee asijione mgeni. Sasa mimi nilikuwaga nafikiri nikikutajia habari zake, nitakuwa nakufanya mgeni. Nikanyamaza. Nilikuwa natimiza neno lake."

Kisha akauliza, "Wegesa anasemaje?"

Nikamwambia kwamba unakataa, kwamba unasema ukimtaja Nyangeta utakuwa umemfuta yeye. Nilidhani atalia. Alicheka, mwanangu. Alicheka na ufizi wake wote.

"Mimi nifutwe na daktari? Nilitoa ng'ombe mchana kweupe, ukoo wote unatazama. Mwambie mimi sifutiki." Halafu kicheko kikamwisha, akanishika mkono. "Lakini kama kwenye ile nyumba kuna ugonjwa unaofuata wanawake, na mimi nikanyamaza, basi nilitoa ng'ombe ili nije nizike mjukuu. Hapana. Sikutoa ng'ombe kwa ajili hiyo."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kugusa neno. Ndiyo maana nakuandikia. Si mimi ninayekuomba umtaje Nyangeta. Mimi niliomba vibaya, na ulikuwa na haki ya kuinuka mezani. Anayekuomba ni Wakuru.

Na huyo Wakuru hakuishia kwenye maneno. Jana ulilalamika kwamba Bibi hakuja Musoma kukuaga, nami nikakuambia kwamba miguu inamsumbua. Nilikudanganya, na kwa mtu kama mimi lilikuwa jambo gumu kulisema bila kujikwaa. Hayuko Butiama. Nilimpeleka Bunda juzi, kwa sababu alinitaka nimpeleke. Yuko kwa Veronika. Wameitana shemeji tangu mlangoni, na kwa haki, kwa kuwa mmoja ni mdogo wa mke wa mwenzake. Veronika amenipigia simu kunishitakia. Anasema amempikia furu, samaki wadogo watamu wa ziwani, na shemeji yake anasema wana miiba kuliko nyama, na kwamba Wajita wanakula sindano. Anasema pia kwamba walikwenda pamoja kwenye kaburi la Nyangeta, na Wakuru alisimama pale muda mrefu, akaondoa majani kwa mikono, hakutaka kupewa jembe. Mwisho aliinama akasema, "Nilivuka." Veronika hakuelewa. Mimi nilielewa.

Kesho basi lako litasimama Bunda kuchukua abiria. Shuka. Kondakta akipiga kelele, mwache apige. Baba yako ameshazungumza naye. Utawaona wazee wawili wamekaa kwenye benchi, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Bibi yako ameniambia kwamba anataka kukutajia Nyangeta kwa kinywa chake mwenyewe, na mama yake Nyangeta, na nyanya yake, na wote waliomtangulia kadiri Veronika alivyomfundisha, pale pale stendi, watu wakisikia, kama siku ile alipotoa ng'ombe. Amekuwa akijifunza majina hayo tangu juzi. Akisahau moja, mngoje, usimsaidie. Akishayamaliza yatakuwa yako, na utaweza kuyataja mbele ya daktari yeyote bila kumfuta mtu.

Kisha upande basi, uende kazini.

Mama yako, ambaye hii hatairudia kusahihisha.